Kigoda cha Wazee Kwenye Kona ya Kuku

Haya aliniambia Bodo mwenyewe, Jumamosi iliyopita, tukichambua mchele uani kwake, yeye na ungo wake na mimi na wangu. Bodo ndiye muuza kahawa pale kwenye uzio wa chuo cha ufundi, hapa hapa Antsirabe, nyanda za juu za Madagaska. Hana kawaida ya kutia chumvi. Akitia huwa ananikonyeza, na siku hiyo alinikonyeza mara mbili tu. Nayaandika kama alivyoyasema.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, katika baridi ile ya mwezi wa saba inayofanya majani yaamke meupe. Kijiwe chenyewe ni benchi moja, meza ya Bodo ya kahawa na vitumbua, na uzio wa waya nyuma yake. Ukigeuza shingo unaona kiwanja ambacho wanafunzi wa uashi hujifunzia kujenga. Hiyo ndiyo sinema ya kijiwe, na haina kiingilio.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wawili, kila mmoja amejifunika shuka mpaka masikioni. Wa kwanza ni mzee Rainizafy, ambaye mji mzima unamwita Timazi, kama ile kamba ya fundi yenye risasi ya kupimia unyoofu wa ukuta. Amejenga nyumba za watu miaka arobaini, hana cheti hata cha ubatizo, na hajapata kuona ukuta wa mtu mwingine ulionyooka. Wa pili ni Profesa, karani mstaafu wa ofisi ya mtaa. Profesa hajafundisha popote, lakini ana miwani, na ana gazeti la wiki iliyopita ambalo hajalimaliza.

Wa tatu akaja mbio, anavuta posiposi yake tupu, kigari chake cha kubebea abiria, magurudumu yanarukaruka kwenye mawe. Huyo ni Mamitiana. Kijiweni anaitwa Redio, kwa sababu kitufe chake cha kuzimia hakijulikani kiko wapi.

"Mmesikia? Jamani, mmesikia?"

"Tumekusikia wewe," Timazi akasema. "Tangu ukiwa stesheni."

"Chuo kimefeli! Darasa zima la uashi, lile la miezi sita, limefeli mtihani asubuhi hii!"

"Chuo hakifeli," Profesa akasema, akifuta miwani. "Wanafunzi ndio wanaofeli. Chuo kinakutana na changamoto."

"Basi changamoto imewapiga mtama! Mimi nilikuwepo. Nimempeleka mtahini mwenyewe kwa posiposi hii, yule Mbelgiji mrefu, Bwana Wouters. Miguu yake imening'inia nje kama mizigo ya kuni. Nikakaa getini kumsubiri. Sasa sikilizeni. Kuna kajumba kamechorwa chini kwa chokaa. Kona nne. Wanafunzi kumi na wawili, watatu kila kona. Bwana Wouters kashika saa, kaweka filimbi mdomoni, kapuliza. Prrriii! Mnadhani nini?"

"Wamekimbia," Bodo akasema.

"Wamekimbia, ndiyo, lakini wote upande mmoja! Watu kumi na wawili kona moja, mama yangu! Ungesema kuna mchele wa bure. Kona tatu zimebaki na kamba tu na kuku wa mlinzi."

"Kona ipi?" Bodo aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kona ya wazee, ipi nyingine!"

Nani hapa asiyejua? Nyumba huanzia kona ya kaskazini-mashariki, ambako wazee wetu waliotangulia wana nafasi yao. Kona inayotazamana nayo, ya kusini-magharibi, ndiko babu zetu walikofungia kuku usiku. Hata mtoto ukimwambia achore nyumba anajua pa kuanzia.

Redio alikuwa amesimama katikati ya njia sasa, anaigiza kwa mikono. "Mmoja kaweka tofali. Wa pili kaona amechelewa, kaweka juu ya lile. Wa tatu juu ya la pili. Kila mtu anataka tofali lake la kwanza liwe pale! Dakika tano wamesimamisha mnara, unayumba hivi, unayumba hivi. Mtahini anauliza kwa Kifaransa chake, hiki ni nini? Mkuu wa chuo jasho linamtoka kwenye baridi hii, anamjibu: ni bomba la moshi."

Timazi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Alipiga benchi, akapiga goti lake, akapiga na goti la Profesa.

"Bomba la moshi! Nyumba haina ukuta, ina bomba! Si niliwaambia? Chuo gani hiki cha ujenzi, wanajenga kwa mchanga na chokaa, saruji hamna hata ya kuonja! Wanajenga asubuhi, Ijumaa wanabomoa, Jumatatu wanajenga tena kwa tofali zile zile. Zile tofali nazijua, zina miaka tisa pale. Kona zake zimelika zimekuwa mviringo kama vitumbua vya Bodo."

"Vitumbua vyangu viache," Bodo akasema.

"Ndiyo mbinu ya kisasa ya mafunzo," Profesa akasema. "Mwanafunzi anajenga, anabomoa, anajenga, mpaka mkono uzoee. Nimesoma."

"Umesoma wapi? Gazeti lako lina habari ya mvua iliyokwisha nyesha."

Bodo akamwuliza Redio, "Na Noro?"

Hapo Redio akapunguza sauti, kitu ambacho Bodo anasema hajakishuhudia tena tangu mwaka wa kimbunga. "Noro alipangiwa kona ya kuku, shangazi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikimbia. Nusura amkanyage kuku mwenyewe."

Bodo aliweka birika chini. Akamgeukia Timazi taratibu, kama mtu anayegeuza kitumbua.

"Mzee. Jana jioni watoto wa watu walikuja hapa kunywa kahawa. Uliwaambia nini?"

"Mimi? Niliwaambia habari za jioni."

"Na baada ya habari za jioni?"

Timazi akatazama ndani ya kikombe. Redio akavimbisha mashavu, akafanya sauti ya mzee: "'Tofali la kwanza la maisha yako ukiliweka kwenye kona ya kuku, utajenga mabanda ya kuku mpaka meno yaishe!' Na ukaapa! Ukanyoosha na kidole!"

"Ilikuwa utani!"

"Utani wa mtu wa miaka sabini na mbili si utani," Bodo akasema. "Ni maagizo."

Wakati wanabishana hivyo Noro mwenyewe akatoka getini. Tumjue Noro. Ana miaka thelathini na minane na watoto watatu, na kwa miaka ishirini amefua nguo za watu mtoni. Asubuhi za mwezi wa saba maji yale yanauma kama kisu, na vidole vyake vimepasuka vimekuwa kama udongo wa shamba lililokosa mvua. Aliingia darasa hili la uashi la wanaoanza akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, na kwa miezi sita kijiwe kimemtania, wakimwita Mama Sabuni. Mkandarasi anayejenga wodi ya wazazi kule Betafo ameahidi kuchukua watu watatu kutoka darasa hili, kazi inaanza Jumatatu. Sharti lake ni moja tu, cheti. Bila cheti, Jumatatu ni mtoni.

Noro akakaa kwenye ncha ya benchi. Bodo akampa kahawa bila kuulizwa.

"Anarudia saa nane," Noro akasema. "Ametuhurumia. Kona zile zile, filimbi ile ile. Anayehama kona yake anapata sifuri, hakuna cha tatu."

"Basi si ubaki kona yako, dada!" Redio akasema. "Kuku hana neno."

"Nitabaki vipi? Hili ndilo tofali langu la kwanza la mtihani, Redio. La kwanza! Marehemu baba aliponijengea jiko aliwamwagia wazee tone la pombe kwenye kona yao kabla hajagusa udongo. Leo mimi nianze kwenye mavi ya kuku kama mtu asiye na kwao?"

Hakuna aliyecheka. Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Jawabu liko wazi," Profesa akasema, amesimama kabisa. "Ukuta ule ni wa mazoezi. Ijumaa unabomolewa. Ukuta wa mazoezi hauna wazee. Imekwisha."

"Imekwisha nini?" Timazi akamrukia. "Babu yake Noro akipita pale saa nane, atajuaje kuwa ni mazoezi? Chuo kimemwandikia barua?"

"Wazee wanajua kila kitu."

"Kama wanajua kila kitu, wanajua pia kwamba wamewekwa mwisho!"

"Tugeuze mchoro!" Redio akasema. "Saa saba wakienda kula, mimi naruka uzio, nafuta chokaa, nachora upya, kona ya Noro inakuwa ya wazee."

"Na watakaoangukia kona ya kuku?" Timazi akauliza.

"Wale sina undugu nao."

"Na jua utaligeuza? Au utalivuta kwa posiposi?"

"Likilipa nauli nalivuta."

"Nyamaza wewe. Noro, mwanangu," Timazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, "umwambie mtahini unaumwa. Utafanya mwakani."

"Mwakani wodi imekwisha, mzee. Watoto wanazaliwa humo tayari."

"Mwakani kuna wodi nyingine."

"Wewe umejenga miaka arobaini bila mtu kukudai karatasi. Mimi wananidai. Na ni wewe uliyenitia hofu hii jana, nikalala nayo kitanda kimoja. Sasa nitoe."

Mzee akavuta shuka mpaka puani, akabaki macho tu.

Hapo Bodo akaingilia. Alikuwa anageuza vitumbua, hakumtazama mtu.

"Mimi sijui ujenzi," akasema. "Ila nyumbani kwangu mkwe mkubwa akija na viti vimejaa, sisimamishi chakula. Namwekea kigoda mahali pake pa heshima, namkalisha kwanza. Akishakaa, kila mtu anaendelea na kazi yake, hata anayemenya vitunguu nyuma ya mlango. Wazee wanataka nini? Si wakaribishwe kwanza? Noro, kona yako nayo si ina upande wake wa kaskazini-mashariki?"

Noro akafikiri. Akachora kwa kidole kwenye vumbi: ukuta mmoja hivi, ukuta wa pili hivi, vimekutana kwenye kona ya kuku. Upande wa wazee ukaangukia ndani, katikati ya chumba, mahali pasipo na ukuta wowote.

"Ni hapa. Hewani tu."

"Basi weka tofali moja hapo. Kavu, bila chokaa. Hicho ni kigoda. Waambie karibuni, kaeni. Halafu rudi kwa kuku wako ukajenge."

"Hakuna kanuni inayokataza," Profesa akasema haraka. "Hata mimi nilikuwa naelekea huko huko."

"Ulikuwa unaelekea kwenye kitumbua changu," Redio akasema. "Mkono wako naujua."

Wakamtazama Timazi. Fundi ni yeye. Yeye ndiye aliyefunga mlango, afungue yeye. Mzee alikitazama kile kimchoro cha vumbini kwa muda mrefu, akakizunguka nusu, akarudi.

"Lilale sawasawa," akasema hatimaye. "Lisiyumbe. Mtu mzima haketi kwenye kigoda kinachoyumba."

Saa nane kasorobo kijiwe kizima kilikuwa kimebana pua kwenye waya. Redio alikuwa amekataa abiria wawili. Profesa alikunja gazeti kuwa bomba na kutazama kupitia humo, kwa madai kwamba linavuta mbali. Timazi alikaa benchini akitazama barabara, na kila baada ya muda aliuliza, "Wamefika wapi?" kwa sauti ya mtu ambaye hayamhusu.

Prrriii!

"Wametoka!" Redio akapaza sauti kama anatangaza mpira. "Wametoka, kona ya wazee watatu wamefika! Kona ya pili watatu wamefika! Noro anakwenda, Noro anakwenda kwa kuku, kuku anampisha! Lahaula, Noro anarudi! Anarudi katikati!"

"Na tofali?" Timazi akauliza, uso bado barabarani.

"Na tofali! Moja! Analiweka chini. Analipima kwa pimamaji, jamani! Tofali moja pimamaji! Anainama. Anasema nalo!"

"Anasemaje?"

"Nitasikiaje, mzee, na wewe unapiga kelele!"

Mtahini alikuwa amesimama, kalamu hewani. Wale wa kona mbili nyingine, walioganda mikono mitupu, wakamwona Noro. Kila kundi likakimbia na tofali lake kavu, likaliweka upande wake wa wazee, likainamisha kichwa, likarudi. Sasa kiwanja kina tofali tatu zimekaa peke yazo kama wageni waliowahi harusini. Bwana Wouters akatazama tofali, akamtazama mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo akatazama mbingu.

Kazi ikaanza. Noro alikuwa na wenzake wawili, kijana wa Ambohimena na mwingine mwenye kofia ya majani, na alipowatuma walikwenda. Mikono ile iliyokuwa ikikamua mashuka ishirini kwa siku ikawa inachota mchanga wa chokaa, inatandaza, inaweka tofali, inagonga kwa mpini wa mwiko, ko, ko, haina haraka wala haisimami. Walipohitaji kuvuta kamba ya kuhakikisha kona imekaa sawa, ikaonekana vigingi vya chuo vimekwisha. Huwa vinakwisha. Bodo anasema wa jikoni wanaviokoa na baridi. Noro akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaenda kwa kile kigoda, akakiinamia kama anayeomba radhi, akazungushia kamba yake pale.

"Amewafunga wazee kamba!" Redio akapiga yowe.

"Hajawafunga," Timazi akasema. Bodo aligeuka, akamkuta mzee amesimama kando yake kwenye uzio, pua ameibana kwenye waya kama wao. Alikuwa pale tangu lini hakuna ajuaye. "Amewashikisha kamba wamsaidie. Kwani kuna ubaya? Wakati wa uhai wao walikuwa wanakaa bure?"

Ilipofika saa kumi Bwana Wouters alipita na kitabu chake. Alipima kona zote. Kwa Noro akapima mara mbili. Kisha akachuchumaa mbele ya lile tofali la katikati, magoti yamefika masikioni, akauliza swali. Mkuu wa chuo akalitafsiri, na Noro akajibu, na Redio anaapa alilisikia jibu lile kwa masikio yake.

"Ni la heshima, bwana. Linakaa kwanza, mengine yote yanalitazama."

Mkuu wa chuo akalipeleka hilo kwa Kifaransa. Lilifikaje huko, nani atajua? Bwana Wouters akatikisa kichwa mara nyingi, akaandika mistari minne.

Matokeo yakatoka Ijumaa mchana. Mkuu wa chuo aliyasoma mwenyewe kiwanjani, amevaa tai. Waliofaulu tisa, waliofeli watatu, nao ni wale wa kona ya wazee. Wale, kwa furaha ya kukaa pazuri, walijenga mtahini hajamaliza kupuliza filimbi, hawakupima hata mara moja, ukuta ukatoka na tumbo. Na sifa ya pekee, mkuu akasoma, akinyanyua karatasi juu, imekwenda kwa mwanafunzi Noro kwa kubuni "tofali la rejea", njia rahisi na ya kisayansi ya kupata kona iliyonyooka bila kigingi. Mtahini amependekeza iingizwe katika masomo. Kuanzia darasa lijalo kila mwanafunzi ataweka tofali la rejea kwanza, upande wa kaskazini-mashariki, na asiyeweka atakatwa alama tano.

Kijiwe kilikufa kwa kucheka. Redio alilala chali ndani ya posiposi yake akirusha miguu. Bodo alilia kwa kicheko akafuta macho kwa kitambaa cha vikombe.

"Alama tano!" Redio akasema alipopata pumzi. "Wazee wameingia kwenye mtaala! Wamekaa miaka mingapi wanasubiri!"

"Mbinu yangu," Profesa akasema. "Natumaini watataja jina langu kwenye kitabu."

"Watakutaja kwenye orodha ya walioshuhudia wakiwa na kitumbua mdomoni."

Noro akaja mbio amekumbatia cheti kifuani na mikono yote miwili, kama mtoto aliyetoka kliniki. Akamkumbatia Bodo, cheti katikati yao. Halafu akakitoa, akampa Timazi akitazame. Mzee alikisoma mbele, akakigeuza nyuma, akakinyanyua kwenye jua.

"Karatasi nzuri," akasema. "Imenyooka."

"Na ukuta, mzee?"

"Ukuta sijauona. Mimi hutazama ukuta kwa mkono."

Noro akageukia kiwanja, na uso ukamshuka. Mlinzi alikuwa anakuja na nyundo kubwa begani, na nyuma yake vijana wawili na mkokoteni wa kukusanyia tofali. Ilikuwa saa tisa, na Ijumaa saa tisa kuta hubomolewa, maana Jumatatu darasa jipya linaingia na tofali ni zile zile.

"Wanangu wanatoka shule saa kumi," Noro akasema. "Niliwaahidi watauona. Nimemwomba mwalimu, amesema ratiba ni ratiba."

"Ratiba ni ratiba kweli," Profesa akasema. "Lakini..."

Hakumaliza, maana Timazi alikuwa amekwisha ondoka. Alipita getini amejitanda shuka, akampita mlinzi bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kuku. Akatoa timazi yake mfukoni, ile ya shaba aliyorithi kwa baba yake, akaining'iniza ukutani. Akangoja itulie. Akahamia upande wa pili, akangoja tena.

"Haya, sema!" Redio akapiga kelele kutoka kwenye waya. "Umepinda?"

"Chokaa imezidi!" mzee akajibu.

"Umepinda au haujapinda?"

"Mchanga haukuchekechwa vizuri!"

"Mzee! Umepinda?"

Timazi akakunja kamba yake, akairudisha mfukoni. "Haujapinda," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Bodo anasema ilibidi waisome midomoni.

Kisha akakitazama kile kigoda cha katikati, akakizunguka kwa adabu, akaketi chini, mgongo umeegemea ukuta wa Noro. Ule ukuta wa kusini unatazama jua la mchana wote, na tofali zilikuwa na joto kama mkate. Akanyoosha miguu. Akavuta kofia usoni.

Mlinzi akafika na nyundo. "Mzee, tunabomoa."

Mlinzi akasogea karibu.

"Mzee Rainizafy. Tunabomoa, tafadhali."

Kofia ikakoroma.

Mlinzi akawatazama vijana, vijana wakatazama mkokoteni. Mzee wa miaka sabini na mbili, amelala, na wazee wengine wamekaa mbele yake kwenye kigoda. Nani aanze? Mlinzi akateua kona ya wazee, ile yenye tumbo, akaanza kubomoa huko, taratibu, nyundo ameifunga gunia isipige kelele. Kona ile ikaisha. Ya pili ikaisha. Ya tatu ikaisha. Ilipogonga saa kumi kiwanjani palikuwa pamebaki ukuta mmoja tu, na mtu mmoja chini yake.

Watoto wa Noro wakaja na mifuko ya shule mgongoni. Wakasimama. Mdogo akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, akauliza kama ni wa mama peke yake. Noro akasema ni wa mama na wenzake wawili, na babu huyu anausaidia kusimama.

"Mimi nilijua tangu mwanzo anajifanya," Bodo aliniambia, akipepeta mchele wake wa mwisho. "Mkoromo wake naujua, ule ulikuwa wa uongo. Nikaingia na shuka langu nimfunike, niseme naye, nimwambie mzee amka sasa, watoto wameona, deni umelipa. Nikanyanyua kofia."

"Ikawaje?"

"Alikuwa amelala kweli, mate yanamtoka."